Kusaka lokesheni za Inspector Morse: kutoka skrini ya Kampala hadi vichochoro vya Oxford

Inspector Morse ilianza kuonyeshwa na ITV ya Uingereza tarehe 6 Januari 1987 na ikafikia tamati tarehe 15 Novemba 2000. Zilitoka filamu 33, kila moja ikikaribia saa moja na dakika arobaini ukiondoa matangazo. John Thaw ni Mkaguzi Mkuu Morse, Kevin Whately ni Sajini Lewis, na mji wao ni Oxford, mji wa chuo kikuu ulio kama kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa London. Mji upo, mitaa ipo, baa zipo, na gari la Morse, Jaguar Mark 2 jekundu lililoiva lenye namba 248 RPA, lilipita kwenye barabara ambazo hata leo unaweza kuzikanyaga. Ndiyo maana mtu akimaliza kutazama huuliza: ule mlango uko wapi hasa?

Majibu ya mkato ni mengi, na mengi yamepokezwa mtu kwa mtu bila yeyote kuhakikisha. Hapa tunaeleza namna ya kulipata jibu unaloweza kulitetea. Kazi kubwa inafanyika mezani, uwe Kampala, Jinja, Arua au Mbarara, bila nauli ya ndege. Sehemu ya mwisho ni ya atakayebahatika kufika huko, kwa masomo, kazi au kumtembelea ndugu.

Shughulika na shoti, usishughulike na tukio

Hili likikosewa, yote yanayofuata yanaharibika. Katika hadithi Morse anashuka garini, anapita lango, anapanda ngazi, anaingia ofisini. Kwako ni tukio moja. Kwa waliopiga picha zinaweza kuwa shoti nne (shoti ni kipande kimoja kilichopigwa bila kukatwa) za sehemu tatu tofauti: barabara ya Oxford, ua wa chuo kingine, na chumba kilicho London. Mhariri amezishona, na macho yako yamekubali. Mfano ulio wazi ni nyumba ya Morse mwenyewe. Hadithini ipo Oxford, lakini nyumba iliyopigwa picha iko Ealing, magharibi mwa London. Sababu kuu ni gharama. Wapiga picha, taa, magari ya mavazi na wapishi walikuwa wa London, na kuwalaza wote hotelini Oxford kwa shoti ya mtu akipika chai hakuna mhasibu angekubali.

Kwa hiyo kila shoti ipe mstari wake kwenye daftari, na usiruhusu ushahidi wa shoti moja uibebe ile inayofuata. Kama umethibitisha lango, umethibitisha lango tu. Ngazi za ndani bado zinadai ushahidi wao.

Kabla ya kuanza, ondoa pia zilizo nje ya nchi kabisa: Promised Land ya 1991 ilipigwa Australia, na The Death of the Self ya 1992 ilipigwa Italia. Kuna watu wamezunguka ramani ya Oxford siku nzima wakiitafuta bustani iliyo Italia.

Nakala ya filamu na vifaa

Nakala za kibandani, zile zilizotafsiriwa na VJ (msimuliaji anayetafsiri kwa sauti juu ya filamu), ni nzuri kwa burudani lakini hazifai kwa kazi hii. Sauti ya VJ inafunika kengele za kanisa, mlio wa treni na tangazo la stesheni, na hizo ni dalili. Tena picha huwa imebanwa mno hadi maandishi ya kibao yanakuwa ukungu. Tafuta nakala yenye sauti yake ya asili. DVD za Uingereza ni za kanda ya 2 ilhali Uganda iko kanda ya 5, hivyo deki ya sebuleni inaweza kuikataa. Kompyuta yenye programu ya VLC mara nyingi huisoma bila matatizo.

Ndani ya VLC utahitaji vitufe vichache tu. Herufi E inasogeza video fremu moja baada ya nyingine, yaani picha moja iliyosimama kwa kila mguso. Shift pamoja na S inapiga picha ya skrini na kuihifadhi kwenye folda ya picha. Herufi A inabadilisha umbo la picha, na hili la umbo usilipuuze. Morse ilitengenezwa kwa televisheni za zamani zenye uwiano wa 4 kwa 3. Kama kwako picha imejaa skrini pana yote, kuna mawili: imekatwa juu na chini, au imenyooshwa kwa upana. Kipimo ni gurudumu la gari linaloonekana kwa ubavu. Likiwa yai badala ya duara, picha imenyooshwa, na kila uwiano utakaoupima baadaye utakuwa wa uongo. Irudishe kwanza kwenye 4 kwa 3.

Vitu vingine ni daftari, rula, na kifurushi cha intaneti cha kutosha. Picha za barabarani za Google zinakula data haraka, kwa hiyo kama una Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, kazi ya ramani ipangie huko na kazi ya kutazama ifanyie nyumbani.

Kuisoma fremu

Tazama filamu nzima mara moja bila kusimamisha. Mara ya pili simamisha. Fremu zenye faida ni zile za mwanzo wa shoti, kabla kamera haijamkaribia mwigizaji. Mwongozaji anakuonyesha mahali kwa sekunde mbili au tatu, kisha anahamia kwenye uso wa mtu na mahali panapotea. Shika pia fremu za pembeni kamera inapogeuka kulifuata gari, kwa sababu huko ndiko vinakoonekana vitu ambavyo hakuna aliyepanga vionekane.

Daftarini andika dakika na sekunde, kisha eleza shoti kwa maneno machache, maana hesabu ya dakika hutofautiana kati ya nakala na nakala. Halafu gawa unachokiona kwa kudumu kwake. Vinavyodumu ni idadi ya madirisha kwa kila ghorofa, umbo la paa, dohani na idadi ya vyungu vyake, mteremko wa barabara, na kona inapopinda. Vinavyodumu nusu ni nguzo za taa, sanduku la barua, vibao vya mitaa na rangi za milango. Visivyodumu ni majina ya maduka, magari yaliyoegeshwa, na miti. Mti wa 1987 huenda leo umefika paa au umekatwa.

Majina ndiyo mtego mkubwa. Idara ya sanaa hubandika vibao vyake, na vyuo vya hadithini kama Lonsdale na Beaumont havipo kwenye ramani yoyote. Katika filamu ya kwanza, The Dead of Jericho, mtaa unaitwa Canal Reach na baa ya kona inaitwa Printer's Devil. Ukiyatafuta majina hayo Oxford hutayapata. Mtaa wenyewe ni Combe Road, katika eneo la Jericho, na baa ni Bookbinders, kwenye kona ya Victor Street. Jericho, angalau, ni jina la kweli.

Nyenzo za ujenzi ndizo zinazokufupishia safari. Vyuo vya zamani vya katikati ya Oxford vimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali. Jericho ni nyumba ndogo za matofali zilizoungana ubavu kwa ubavu, milango ikifungukia moja kwa moja barabarani. Kaskazini mwa mji kuna nyumba kubwa za matofali ya manjano za enzi ya Malkia Victoria, zenye madirisha yaliyochongoka juu. Ukiona safu ndefu ya matofali mekundu yenye bustani ndogo mbele, anza kuwaza viunga vya London kabla ya kuendelea kuuzunguka mji wa vyuo.

Jua la Oxford si jua la Kampala

Hapa ndipo mtazamaji wa Uganda anapojikwaa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Mchana jua linapita karibu na utosi: mwezi Juni linainama kidogo upande wa kaskazini, mwezi Desemba kidogo upande wa kusini, na hata siku linapoinama zaidi bado lina nyuzi kama 66 juu ya upeo. Mtu wa sentimita 170 akisimama juani wakati huo, kivuli chake hakifiki hata sentimita 75. Kwa uzoefu huo, kivuli kirefu maana yake ni asubuhi au jioni.

Oxford iko nyuzi 51 na dakika 45 kaskazini. Huko adhuhuri jua liko kusini siku zote za mwaka. Mwishoni mwa Juni linafika nyuzi kama 62, na kivuli cha mtu yuleyule ni kama sentimita 90. Mwishoni mwa Desemba halipiti nyuzi 15, na kivuli chake adhuhuri kinazidi mita sita. Hivyo shoti yenye vivuli virefu si lazima iwe ya jioni. Inaweza kuwa ya saa sita mchana, wakati wa baridi.

Faida yake ni kubwa: adhuhuri ya Oxford, kivuli ni dira. Kinaelekea kaskazini. Vivuli vya waigizaji vikianguka nyuma yao, mbali na kamera, na nyuso zao zikiwa na mwanga, basi kamera imelipa jua mgongo na inatazama kaskazini au karibu na hapo. Vivuli vikija kuelekea kamera, inatazama kusini. Asubuhi kivuli kinalala upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Ukishajua kamera inatazama wapi, nusu ya mitaa ya mji umeshaifuta.

Kuna mambo matatu yatakayokupotosha. Kwanza, saa ya hadithi si saa ya upigaji. Mwigizaji akisema "habari za asubuhi" hajathibitisha kitu. Pili, taa za seti. Kivuli cha pili chenye mwelekeo tofauti, au mwanga mkali kwenye uso wakati ukuta wa nyuma una kivuli, ni taa. Soma kivuli cha jengo, usisome cha mtu, kwa sababu hakuna taa ya kuliangaza jengo la ghorofa nne kama jua. Tatu, picha kugeuzwa kulia kushoto katika uhariri. Hapa Mganda hana shida: Uingereza wanaendesha kushoto na usukani uko kulia kama kwetu, hivyo dereva akionekana amekaa upande wa kushoto wa gari, shoti imegeuzwa. Namba ya Jaguar ikisomeka vizuri, shoti iko sawa.

Kuhakiki saa na mwelekeo tumia tovuti ya SunCalc, ambayo ni ya bure. Weka mahali na tarehe, nayo itachora njia ya jua. Kumbuka kuwa Oxford iko nyuma ya Kampala kwa saa mbili majira ya joto, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa tatu miezi iliyobaki.

Ramani

Anza na OpenStreetMap ili uone umbo la mitaa, kisha ingia kwenye Street View ya Google. Ukiwa umesimama kwenye barabara ndani ya Street View, fungua tarehe za zamani pale zilipo. Picha ya miaka mingi nyuma inakukaribia zaidi filamu kuliko ya mwaka jana. Geograph ni hazina nyingine: watu wamepiga picha Uingereza nzima mraba kwa mraba, zikiwemo za vichochoro ambavyo gari la Google haliingii. Na kwa majengo yaliyobomolewa, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ramani za zamani za Uingereza juu ya ramani ya leo, bure, na unaweza kufifisha moja uione nyingine chini yake.

Kosa moja dogo linawapata wengi. Longitudo ya Kampala ni chanya, kama 32.6. Ya Oxford ni hasi, kwa sababu iko magharibi ya Greenwich: katikati ya mji, Carfax, ni 51.752, -1.258. Ukiisahau alama ya kutoa, ramani inakutupa baharini, nje kidogo ya pwani ya mashariki ya Uingereza karibu na Clacton.

Kuthibitisha

"Panafanana" si uthibitisho. Oxford ina madirisha mengi yaliyochongwa na fundi mmoja kwa kiolezo kimoja. Kanuni tunayoshikilia ni alama tatu za kudumu, zenye mpangilio uleule kati yao, na angalau moja iwe ya mbali: mnara, paa la jengo la nyuma, dohani inayochungulia. Alama mbili kwenye ukuta mmoja zinaweza kujirudia mtaa wa pili. Mnara wa nyuma hauwezi kujirudia mahali palepale nyuma ya dohani ileile.

Kwa Jericho alama ya mbali iliyo bora ni mnara wa kanisa la Mtakatifu Barnaba, jengo la mwaka 1869 la mtindo wa Italia lililosanifiwa na Arthur Blomfield. Umesimama juu ya mapaa ya nyumba ndogo na haufanani na mnara mwingine mjini. Ukionekana kwenye fremu, pima kwa rula umbali kati ya ukingo wa mnara na ukingo wa dohani iliyo karibu, kisha tafuta kwenye Street View sehemu ambapo pengo hilo lina uwiano uleule.

Hapo lazima uelewe jinsi vitu vinavyosogea. Chagua mstari wa wima ulio karibu, mfano kona ya nyumba, na mwingine wa mbali, mfano mnara. Ukisogea kulia, kile cha mbali kinakufuata kulia ukikilinganisha na cha karibu. Basi kama kwenye filamu mnara uko kulia ya kona na wewe unauona kushoto yake, songa kulia hadi ukae. Kisha linganisha ukubwa. Mnara ukiwa mkubwa mno kwenye filamu ukilinganisha na nyumba ya mbele, kamera ilikuwa nyuma zaidi na lenzi ndefu imevuta picha. Rudi nyuma. Zumu ya simu haibadilishi uwiano huo hata kidogo, maana inakuza vyote kwa pamoja. Uwiano unabadilika kwa miguu tu. Na kama paa la karibu linaonekana kwa juu, kamera ilikuwa juu ya kreni au dirishani. Hutaipata ukiwa chini, kwa hiyo andika hivyo na uendelee.

Kila shoti iliyokamilika iandikie koordineti za mahali kamera iliposimama, mwelekeo wake, alama tatu ulizotumia, na daraja la uhakika: imethibitishwa, inaelekea, au ni dhana. Daraja la tatu lisionekane hadharani bila jina lake. Dhana ikinakiliwa mara mbili inakuwa "ukweli" wa kila mtu.

Jaribu kwanza hapa nyumbani

Mkono unazoea haraka zaidi kwenye mji unaoujua. Chukua Queen of Katwe ya 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, ambayo ilipigwa Kampala na pia Johannesburg. Jipe kazi ya kutenganisha shoti za miji hiyo miwili. Vilima ndivyo vitakavyokusaidia kwanza: kuba la Namirembe au mnara wa msikiti wa Old Kampala ukionekana nyuma ya mabati, una alama yako ya mbali. Halafu jua. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, nje ya tropiki, hivyo adhuhuri jua liko kaskazini mwaka mzima na vivuli vya wakati wa baridi ni virefu kuliko Kampala inavyoweza kutoa saa hizo. Ndani ya vyumba usijisumbue sana. Chumba cha seti hakina anuani.

Ukienda kuhakiki kwa boda, piga picha za mitaa na mandhari. Usielekeze simu kwenye vituo vya polisi, kambi za jeshi, ikulu au walinzi bila ruhusa. Utaulizwa maswali, na maelezo ya Morse hayatakusaidia. Kwenye makazi ya watu salimia na uombe kwanza.

Kuzipita kwa miguu

Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Uingereza. Safari yenyewe haina ugumu: mabasi kutoka viwanja vya Heathrow na Gatwick yanaishia kituo cha Gloucester Green katikati ya Oxford, na treni kutoka Paddington, London, inachukua kama saa moja. Plagi za umeme ni za pini tatu kama zetu. Pakua ramani ya mji kwenye Organic Maps ukiwa bado Kampala, kwa sababu inafanya kazi bila intaneti. Chapisha fremu zako, nne au sita kwa karatasi ya A4. Karatasi unaweza kuinyosha mbele ya macho na kulinganisha kingo zake na jengo. Simu inang'aa juani na chaji inaisha kwa baridi.

Njia nzuri ni ya kilomita nne hivi. Kutoka stesheni ya treni nenda Jericho kwanza, asubuhi, kabla magari ya kushusha mizigo hayajaziba mitaa. Combe Road ni fupi na watu wanaishi humo, kwa hiyo simama barabarani, usichungulie madirishani, na usikae mbele ya mlango wa mtu. Shuka na Walton Street hadi inapokutana na Beaumont Street.

Beaumont Street ina majengo mawili yanayotazamana, na mwanga wake ni somo tosha. Makumbusho ya Ashmolean, jengo lililokamilika 1845, yako upande wa kaskazini na uso wake unatazama kusini: yana jua mchana kutwa. Hoteli ya Randolph, iliyojengwa miaka ya 1860, iko upande wa kusini na uso wake unatazama kaskazini: iko kivulini. Sehemu zote mbili ni za kipindi cha The Wolvercote Tongue, kilichoonyeshwa Krismasi ya 1987. Siku ya jua kali Randolph inatoka nyeusi na anga jeupe nyuma yake. Ipigie picha siku ya mawingu, au jioni sana mwezi Juni, jua linapokwenda kuzama kaskazini-magharibi. Kuingia Ashmolean ni bure. Baa ya hoteli imepewa jina la Morse.

Ingia Broad Street. Utaona baa ndogo ya White Horse, imebanwa na duka la vitabu la Blackwell's, na ng'ambo yake jengo la Sheldonian la Christopher Wren. Pinda kusini kwenye Turl Street. Mkono wa kushoto ni Chuo cha Exeter, na ua wake wa mbele ndipo Morse anapoanguka katika The Remorseful Day, filamu ya mwisho. Ukipita kwa bawabu, kanisa liko upande wa kaskazini wa ua na ukumbi wa kulia chakula upande wa kusini. Kwa wanaoipenda tamthilia hii hakuna sehemu nzito kuliko hiyo. Simama ukingoni, nyasi za vyuo hazikanyagwi na wageni.

Kuhusu kuingia vyuoni kwa ujumla: kila chuo kina saa zake na baadhi vinatoza kiingilio. Vingi hufunguliwa kwa wageni mchana, na hufungwa wakati wa mitihani, hasa Mei na Juni, na wakati wa Krismasi. Tangazo huwa langoni. Muulize bawabu kwa adabu, sema unataka kuona ua tu, na usifungue miguu mitatu ya kamera bila idhini.

Kutoka Exeter pita Brasenose Lane, kichochoro chenye mfereji katikati, kinachokutoa Radcliffe Square mbele ya Radcliffe Camera, jengo la duara lililokamilika 1749. Kusini mwa uwanja ni kanisa la Mtakatifu Maria. Simama upande huo utazame kaskazini, jua litakuwa mgongoni mwako. Ngazi 127 za mnara wake ni bei ndogo kwa mtu anayetaka kuelewa shoti za juu. Endelea na Catte Street hadi Daraja la Hertford la 1914, linalovuka New College Lane. Kutoka Catte Street unalitazama kuelekea mashariki, hivyo alasiri ndiyo saa yake. Ukishalipita, kichochoro chembamba kushoto kinakupeleka baa ya Turf Tavern. Wengi hukipita bila kukiona. New College Lane inapinda mara kadhaa kati ya kuta ndefu, kisha inageuka Queen's Lane hadi High Street. Vuka uingie Merton Street, yenye mawe barabarani. Vaa viatu vya soli nene, na mvua ikinyesha tembea taratibu, mawe hayo yanateleza.

Baa ya Trout, Godstow, iache kwa siku nyingine au mchana mrefu wa kiangazi. Ni kama kilomita tatu kutoka Walton Well Road, Jericho, kwa njia ya miguu ya kando ya mto Thames ukiambaa na Port Meadow. Wakati wa baridi malisho hayo hujaa maji na njia inakuwa tope, na mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ondoka Jericho si zaidi ya saa sita mchana au panda basi la Wolvercote umalizie kwa miguu. Mwezi Juni, kinyume chake, mwanga upo hadi saa tatu na nusu usiku, na unaweza kumaliza mji wote kwanza, ukafika mtoni ukiwa bado na saa nzima ya kupiga picha.